Ndege wa pwani siku ya mawingu: tazama maji, jua liache

Ikifika Desemba huku Uingereza, mbingu inaziba wiki nzima, rasharasha haikatiki na upepo wa baharini unakata masikio. Rafiki zangu wengi siku kama hiyo hawatoki. Mimi nafungua jedwali la maji kwanza. Ndege wa pwani hawana habari na jua. Wanafuata kupwa na kujaa, na hilo mtu aliyekulia Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa.

Ukiweza kufika mashariki, nenda Snettisham, Norfolk, ukingoni mwa ghuba iitwayo The Wash. Hifadhi ni ya RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1889. Maji yakipwa, tope linabaki wazi hadi macho yanachoka, na ndege maelfu kwa maelfu wanatawanyika humo kutafuta chaza wadogo na minyoo. Siku za bamvua kubwa, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, yanalifunika tope lote. Hawana tena pa kusimama, basi wanainuka kwa mkupuo, wanapita juu ya kichwa chako na kutua kwenye mabwawa nyuma ya tuta, mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto. Maji mafu, yanayojaa kidogo tu, hayawasukumi hivyo. Utaona vidoa vyeusi tu kwa mbali. RSPB hutangaza tarehe zinazofaa, kwa hiyo usibahatishe. Fika masaa mawili kabla ya maji kujaa kabisa, kwani kutoka maegesho hadi kwenye vibanda vya kutazamia ndege ni mwendo wa kutosha.

Wengi kati ya hao ni knot, kitwitwi mnene wa kijivu mwenye uzito wa gramu 130 hivi, anayezaliana Greenland na kaskazini kabisa ya Kanada. Mmoja peke yake hana la kutazamwa. Kundi likigeuza matumbo upande wako linang'aa jeupe, likigeuza migongo linakuwa jeusi, tena kwa kufumba na kufumbua. Akipita kozi, yule ndege mwindaji, kundi linakazana kama ngumi, na kelele za mabawa unazisikia kabla hujajua kulikoni.

Na mawingu yana faida. Snettisham inatazama magharibi, hivyo siku ya jua kali alasiri utaona vivuli vitupu. Mbingu ikiwa ya kijivu, rangi za manyoya zinasomeka, na hewa haichezi juu ya tope.

Mavazi sitayasemea sana: zuia upepo, vaa glavu nyembamba ndani ya nene ili vidole viweze kurekebisha darubini, na beba chupa ya chai. Lakini darubini yenyewe iangalie. Ikishapoa, usiiingize ndani ya koti. Joto la mwili litajaza vioo ukungu. Iache ining'inie nje. Matone yafute kwa kitambaa cha pamba kikavu ulichokifunga kwenye mfuko wa plastiki, kamwe si kwa mkono wa koti lenye chumvi na mchanga.

Kuna watu wanaowasogelea ndege ili wapige picha warushe mtandaoni. Sina subira nao. Ndege anayelala kwa mguu mmoja, mdomo ameuficha mgongoni, anatunza nguvu za kuvuka usiku wa baridi. Ukiona vichwa vinainuka, rudi nyuma.

Jua linazama mapema, katikati ya Desemba kama saa kumi kasorobo. Usikimbilie gari. Saa hiyo ndipo bata bukini kutoka Iceland na Greenland wanaporejea kutoka mashamba ya viazisukari kuja kulala kwenye tope, misururu kwa misururu, na utawasikia kabla ya kuwaona.

Walioko nyumbani nao wana sehemu yao. Hori la Mida, karibu na Watamu pwani ya Kenya, miezi hiyohiyo linapokea vitwitwi kutoka kaskazini, wakiwemo wale weupe wanaokimbizana na povu la wimbi, ambao ni jamii moja na wa Norfolk. Kule nenda maji yanapoanza kujaa, usisubiri yajae: ndege wanasogezwa kidogo kidogo kuelekea mikoko, na ukikaa ulipo watakuja wenyewe.