Mpira mmoja, darasa zima: majibu ya maswali yenu ya wavu

Barua za mpira wa wavu zimekuwa nyingi tangu shule zifunguliwe, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua wengi wa kidato cha kwanza na cha pili mko hapohapo alipo huyu mdogo wetu.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo kidato cha pili, shule yetu iko Temeke. Kwenye kipindi cha michezo tumeanza wavu na mtihani wa vitendo ni mwezi ujao. Mimi tangu msingi nacheza pete, nilikuwa GA (mmoja wa wafungaji), sasa kila mpira ukija najikuta nimeudaka na darasa zima linacheka. Nikijikaza nikaupiga mikono inawaka moto mpaka usiku, na sevisi yangu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, haijavuka wavu hata siku moja. Wenzangu wanasema mi mfupi niachane nayo. Halafu mwalimu anasema mchezo huu umetoka Marekani, baba anasema Japani, nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usione aibu kabisa kwa huko kudaka, mikono yako imefundishwa miaka na miaka kwamba mpira ukija unadakwa, haiwezi kusahau kwa wiki mbili. Na pete imekupa kitu ambacho wenzako hawana, unajua kuusoma mpira ukiwa bado hewani na kukimbilia pale unapoangukia, na kwenye wavu hiyo ndo nusu ya kazi.

Sasa hiyo mikono. Ngumi ya mkono mmoja iweke ndani ya kiganja cha mwingine, dole gumba mbili zilale sambamba zikitazama chini, viwiko vinyooke. Mpira unatakiwa uguse ile sehemu bapa ya juu kidogo ya kifundo cha mkono, sio kwenye kifundo chenyewe wala kwenye vidole, ukigonga mfupa lazima uumie. Alafu wengi mnakosea hapa, mnarusha mikono juu kwa nguvu kama mnamwaga maji ya ndoo. Mikono haipigi, mikono inapokea tu, nguvu inatoka kwenye magoti, unakunja mapema kabla mpira haujafika na ukifika unanyanyuka nao taratibu, mikono isivuke mabega. Mimi nilipokuwa shule mwalimu wetu alitukataza kugusa mpira siku nne nzima, tulikuwa tunatembea uwanjani magoti yamekunjwa mikono imeungana, kushoto, kulia, mbele, nyuma, tukamnung'unikia sana, ila siku ya tano alipoturushia mpira ulikuwa unarudi kwake mwenyewe.

Ila kagua na huo mpira wenyewe. Mpira halali wa wavu una uzito wa gramu 260 mpaka 280, wa miguu una gramu 410 mpaka 450. Kuna shule nyingi wavu unachezwa kwa mpira wa miguu kwa sababu ndo uliopo stoo, na hapo mikono itauma hata ufanye kila kitu sawa. Kama ni wa wavu kweli, ubonyeze kwa dole gumba, ukikuta mgumu kama jiwe basi umejazwa upepo kupita kiasi, muombe mwalimu apunguze kidogo.

Sevisi anza na ile ya chini. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto utangulie, mpira ushike kwa kushoto usawa wa kiuno mbele ya mkono wako wa kulia, rudisha mkono wa kulia nyuma ukiwa umenyooka afu uulete mbele, uuachie mpira kidogo tu ndo uupige kwa kile kitako cha kiganja. Lazima uuachie, kuupiga ukiwa bado umeukamata ni kosa. Na usianzie kwenye mstari wa nyuma, kutoka pale mpaka wavuni ni mita 9 na wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24, kwa anayeanza ni mbali. Simama mita 4 kutoka kwenye wavu, ukivusha kumi mfululizo rudi nyuma hatua mbili, ukivusha tena kumi rudi tena, kabla ya mtihani utakuwa umefika mwisho. Siku yenyewe ukisikia filimbi una sekunde 8 za kusevu, hizo ni nyingi, vuta pumzi, tazama wapi pana uwazi, usikanyage mstari kabla hujapiga.

Kuhusu ufupi wala wasikutishe. Tangu 1998 sheria za kimataifa zina nafasi ya libero, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, anacheza nyuma tu, kazi yake kupokea na kuokoa mipira, na haruhusiwi kabisa kubloku, yaani kuruka wavuni kuuzuia mpira wa wapinzani. Libero wengi ndo wafupi wa timu, na kocha hakubali kumkosa.

Na hilo la baba na mwalimu, mwalimu yuko sahihi, mchezo ulibuniwa 1895 na William G. Morgan huko Holyoke, Massachusetts, alitaka kitu kisicho na misukumano kama kikapu kwa ajili ya watu wazima, jina la kwanza lilikuwa Mintonette. Ila baba naye ana sababu ya kusema hivyo, voliboli iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo 1964 na wanawake wa Japani wakachukua dhahabu. Mwambie hivyo kwa heshima, atafurahi.

SWALI: Habari za kazi dada. Nafundisha shule ya msingi huku Mbagala, darasa lina watoto 60, mpira wa wavu nina mmoja, wavu wenyewe sina na uwanja ni vumbi tupu. Nifanyeje wajifunze kweli, sio wakae pembeni wakiangalia?

JIBU: Salama mwalimu, na pole kwa majukumu. Kamba yoyote ya manila ifunge kati ya miti miwili au nguzo, ning'iniza vipande vya kitambaa ili waione, kwa watoto wa umri huo hata kimo cha mita 2 kinatosha. Uwanja uchore kwa majivu au chokaa. Kila upande ni mraba wa mita 9 kwa 9, na ukitaka kona zisiende upogo pima pia kutoka kona hadi kona ya pili yake, ikikupa mita 12 na sentimita 73 basi umekaa sawa. Hapo umepata na kipindi cha hesabu humohumo.

Mpira mmoja usikukatishe tamaa. Omba wazazi ile mipira laini ya plastiki wanayochezea watoto mtaani, ni myepesi na inashuka polepole, anayeanza anapata muda wa kujipanga, mi naipenda kuliko mpira halisi kwa wiki za mwanzo. Wagawe watatu watatu, mmoja anarusha kwa mkono, wa pili anapokea kwa pasi ya chini (ile ya mikono iliyoungana), wa tatu anadaka na kumrudishia mrushaji, baada ya kumi wanabadilishana.

Ule mpira halisi uweke uwanjani na timu za watu sita, inayopoteza pointi inatoka na nyingine inaingia hapohapo mbiombio. Wanaosubiri wape kazi za uamuzi, wawili kwenye mistari waseme ndani au nje (mpira ukigusa mstari ni ndani, hili watabishana sana), mmoja ahesabu miguso ya kila timu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wa nne ni kosa, mwingine aangalie mtu asipige mara mbili mfululizo, mwingine aandike pointi. Mtoto aliyewahi kuwa refa sheria haimtoki tena. Kuzunguka nafasi nako kunawachanganya sana, wewe waambie hivi, upande uliopokea sevisi ukishinda pointi wote wanasogea nafasi moja kwa mwendo wa saa, anayetoka mbele kulia anakwenda nyuma kulia kusevu. Mwanzoni chora namba chini kwa chaki au majivu, wazikanyage. Na seti ya pointi 25 ni ndefu mno kwa kipindi cha dakika 40, cheza mpaka 7 au 10.

SWALI: Mambo sista. Tunacheza wavu mchangani Kigamboni kila Jumapili, sita kwa sita. Juzi tulibloku, mpira ukarudi kwetu, tukagusa mara tatu ndo tukavusha. Wapinzani wakasema ni mara nne, wameona kwenye Olimpiki. Ikawa ugomvi kweli. Na mguu unaruhusiwa?

JIBU: Poa kaka. Wote mna hoja ndo maana haukuisha. Kwenye voliboli ya ufukweni ile ya wawili wawili, ambayo iko Olimpiki tangu Atlanta 1996, bloku inahesabiwa kama mguso, kwa hiyo mnabakiwa na miwili tu. Kwenye ya sita sita bloku haihesabiwi, na hata aliyebloku anaruhusiwa kuugusa tena. Mguu ni ruksa kote kote, na sevisi ikigusa wavu ikapita nayo ni halali, watu wazima wengi bado wanashikilia sheria ya zamani. Kilichowachanganya ni mchanga, ila idadi yenu ni ya mchezo wa sita, kwa hiyo pointi ya juzi ilikuwa yenu.