Barua kwa mwanangu: bima ya Peugeot ya babu yako

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Jinja. Sote wazima, na shangazi yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Wakala mmoja amekwambia gari la mwaka 1976 halistahili bima kubwa, ukate thadi pati tu yaishe. Wa pili yuko tayari kukukatia bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe, lakini ile Peugeot 504 ya babu yako anaiandika kwa shilingi milioni 6. Umeniuliza umfuate yupi. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la madai ya bima hapo Kampala, na jibu langu ni kwamba usimfuate hata mmoja mpaka umalize kusoma barua hii.

Thadi pati haina maneno mengi. Sheria ya mwaka 1989 inakulazimisha uwe nayo ukiwa barabarani, na utaikata. Ila ni bima ya watu wengine: ukimgonga mtu akaumia au akafa, hapo ndipo inapofanya kazi. Gari lako likiungua, likiibwa au likipondwa na lori lililopoteza breki, haikupi hata senti. Mwenye gari ambalo akilipoteza leo kesho atapata jingine kama lile anaweza kuikubali hatari hiyo. Wewe huwezi. Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo 504 zilizobaki Uganda ndizo hizo hizo, na kila inayokwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu inazipunguza.

Sasa tuje kwenye zile milioni 6, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Namba inayoandikwa kwenye mkataba wa kawaida wa gari si ahadi, ni dari tu. Gari likiangamia, kampuni inatafuta bei ya soko ya siku ile, na inalipa kiasi kilicho kidogo kati ya bei hiyo na namba iliyoandikwa. Na bei ya soko wanaikadiria kwa umri: kila mwaka unaopita unakata thamani. Kwa hesabu hiyo, gari la umri wa 504 yako limebaki na bei ya mabati yake. Niliwahi kuona mzee mmoja akiletewa hundi ya Mercedes yake ya zamani iliyoungua. Alikuwa amelipia bima kwa namba kubwa mwaka hadi mwaka bila kuchelewa. Alipoiona hundi, alitoa mfukoni risiti za fundi wa rangi peke yake, akazipanga moja moja mezani, na jumla yake ilikuwa imeshaipita ile hundi. Hakuna aliyemdanganya, mkataba ulisema "bei ya soko", na bei ya soko ndiyo aliyolipwa. Sikupenda siku ile, na sipendi ikufike.

Kuandika namba ndogo nako kuna balaa lake. Tuseme mthamini anasema gari lina thamani ya milioni 24 na wewe umelikatia bima ya milioni 6. Ukigongwa ubavuni, matengenezo yakawa milioni 4, na mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni itasema: umelipia robo ya thamani, nasi tunalipa robo ya hasara. Utapewa milioni 1, na humo wakate tena kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe.

Unachotakiwa kudai, mwanangu, ni thamani iliyokubaliwa. Wewe na kampuni mnakubaliana kabla hujalipa kwamba gari hili ni la kiasi fulani, na likiangamia au likiibwa moja kwa moja, kiasi hicho ndicho kinacholipwa bila mjadala wa soko. Mawakala wengi watakuonyesha fomu ile ile ya gari binafsi. Usiikatae, waambie maneno hayo yaingie kama kiambatisho kilichotiwa saini na kugongwa muhuri wa kampuni. Wakala akisema "usijali, tumeelewana", mshukuru na uondoke. Maneno ya mdomo hayalipi dai.

Wao nao watataka ushahidi, na ni haki yao. Tafuta mthamini anayeyajua magari ya zamani, anayefahamu kwamba 504 ilitoka mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Mtu wa namna hiyo hataandika "saluni kuukuu, rangi nyeupe" halafu aende zake. Lipige picha gari pande zote, ndani, injini, chini, na namba ya chesisi isomeke. Weka risiti zote, hata za soko la vipuri la Kisekka zilizoandikwa kwa mkono. Mwombe muuzaji aandike jina la kifaa na tarehe. Thamani hiyo ipitiwe upya kila mwaka unapokata bima, kwa sababu gari linalotunzwa hupanda.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza, ila dada yako ameniambia: rafiki zako wanaliomba kwa ajili ya harusi. Kumbeba bwana harusi ambaye ni ndugu yako ni jambo moja. Kupokea pesa, hata za "mafuta na kidogo cha dereva", ni biashara ya kukodisha, na mkataba wa gari binafsi hauihusu. Nimeona madai yakikataliwa kwa sababu ya maua na riboni zilizoonekana kwenye picha za ajali. Ukitaka kulikodisha, sema wazi mapema na ulipe nyongeza. Mashindano vivyo hivyo: bima ya kawaida haigusi rali wala mbio za kupimwa muda. Ukitaka kwenda Naivasha, Kenya, kutazama rali tu, chukua Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, kabla ya kufika mpakani Busia au Malaba, kisha uliza kama bima yako kubwa nayo inavuka mpaka, kwa sababu kadi hiyo, kama thadi pati, hailipi hasara ya gari lako mwenyewe.

Uliza pia nani atatengeneza. Ukiachia gereji ya kampuni, watakuwekea taa ya kulazimisha na bampa lililonyooshwa kwa nyundo. Iandikwe kwamba fundi unamchagua wewe, na kwamba likihesabiwa limeangamia una haki ya kwanza ya kununua mabaki. Mimi ningekubali hata kubeba kiasi cha kwanza kikubwa zaidi ili nipate vifungu hivyo viwili. Na kwa kuwa hulitumii kwenda kazini, waambie linalala ndani ya geti na linatoka wikendi tu. Hiyo ni hoja nzuri ya kupunguziwa malipo.

Hakikisha wakala au dalali ana leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Uganda, na ujue kwamba mamlaka hiyo inapokea malalamiko ya wateja iwapo dai litazungushwa.

Nitumie rasimu ya mkataba kabla hujatia saini, kurasa zote, hasa zile za maandishi madogo mwishoni. Harusi ya Jumamosi waambie watafute gari jingine.

Mama yako