Mpiga besi kubwa aegeshe wapi akija Kenya National Theatre?

Ndugu, umeuliza iwapo ni busara kuja na gari lako Ijumaa jioni ukiwa na besi kubwa, ile ala ya nyuzi inayofanana na fidla kubwa sana, au uliache nyumbani. Njoo nalo, lakini usitegemee kupata nafasi mlangoni.

Barabara ya Harry Thuku, ulipo ukumbi huo jijini Nairobi, ni nyembamba, nayo inahudumia ukumbi, Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanamuziki wanaofika kwa mazoezi ya mwisho huwania nafasi zile zile na watazamaji wanaowahi viti. Mwenye fidla anaweza kuegesha mbali na kutembea. Wewe unabeba chombo kinachokaribia mita mbili kwa urefu, chenye shingo isiyopenda kugongwa na mikoba ya wapita njia. Kwa hiyo mwombe msimamizi wa onyesho azungumze mapema na walinzi wa lango, ili upewe dakika chache za kushusha chombo, stuli na kinara cha noti za muziki, mwenzako akivilinda ndani huku wewe ukitafuta maegesho. Ada ya kaunti ilipe kwa simu kabla hujalipa gari kisogo, maana gurudumu likifungwa mnyororo hakuna atakayesikiliza habari za tamasha.

Usiache besi garini hata ukiegesha salama: wezi ni tatizo moja, na joto la gari lililofungwa hulegeza gundi na kupasua mbao. Mvua ikinyesha, toka nyumbani mapema zaidi.