Wanangu, ondoeni simu karibu na dira

Juzi hapa gatini Lamu nimepanda chomboni nikakuta simu imelazwa juu ya kisanduku cha dira, na kava lake lina sumaku. Mwenyewe ananiambia, "Nahodha, simu ikizima, dira ipo. Vitu vya zamani havikosei." Moyo ulinienda mbio. Someni haya kabla hamjang'oa nanga.

1. Dira huvutwa na chochote chenye sumaku au chuma: spika, kisu, hata nati. Ikikosea digrii 10, kila maili sita umetoka njiani maili moja. Mimi yamenipata. Ulikuwa msimu wa kusi, tumetoka Malindi usiku na shehena ya saruji. Wenzangu watano wamelala, msukani nimeshika mimi. Nikaiweka redio ya kaseti ubavuni mwa dira, nisikilize taarabu nisisinzie. Tangu Ras Ngomeni nashika kaskazini-mashariki barabara, nami nimetulia. Kule kutulia ndiko kulikotaka kutuua, kwani chombo kilikuwa kikiingia Ghuba ya Ungwana kidogo kidogo, usiku kucha. Alfajiri nikachota maji nitawadhe, nikayaona kiganjani: rangi ya chai ya maziwa. Maji ya Mto Tana! Tuko usoni pa Kipini, na mbele nasikia mawimbi yakivunjika. Tulitupa saruji ya watu baharini, mifuko kwa mifuko, tukahangaika na tanga mpaka jua likawa juu ndipo tukapata maji makuu. Watu watano walilala kwa kuniamini mimi. Nikilikumbuka hilo, hata leo mikono hunitetemeka.

2. GPS, ile ya simuni inayosoma satelaiti kujua ulipo, nayo ina haki yake. Kabla ya Mei 2000 Marekani waliichafua makusudi kwa raia, ikakosea hata mita 100; sasa ni mita chache, na sumaku haiigusi. Usiku ule ingetuokoa. Ila inakwambia ulipo, haikwambii maji yamebaki kiasi gani: kwenye mlango mwembamba wa Mkanda, hapa Lamu, maji yakipwa, tia upondo upime kina.

3. Simu na betri, zitieni kwenye mfuko usioingiza maji.

4. Linganisheni dira na GPS kila saa. Tofauti ndogo ni mkondo na upepo. Ikizidi, tafuteni chuma kilipojificha.

Yule kijana nilimwambia aizungushe simu yake juu ya dira, polepole. Sindano ikaifuata mzunguko mzima. Hakusema neno, aliichukua akaenda kuiweka omoni, mbele kabisa ya chombo.