DT 125 ya bei chee kwa anayeanza njia za porini

Mdogo wangu, umeuliza kama hiyo pikipiki, Yamaha DT 125, uliyooneshwa hapo Tanga mjini itakufaa kujifunzia njia za Amani, kule milima ya Usambara. Mimi ningetafuta Honda XL 125. DT ni injini ya tustroki, inayochoma oili pamoja na petroli: mzunguko ukiwa chini imelala, ukipanda inakurusha ghafla, na kwenye udongo mwekundu uliolowa utaanguka kabla hujajua kosa lako. Tena ina pampu yake ya oili. Pampu ikigoma usigundue, pistoni inanata ndani ya silinda kwa kukosa oili. XL ni fostroki, haichomi oili, inavuta taratibu, na mafundi wengi wanaijua.

Ukiing'ang'ania DT (najua utaing'ang'ania, nzuri kuitazama), nenda asubuhi bila kumpigia muuzaji. Shika injini kwa kiganja kabla hajaiwasha. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili ikuwakie kwa kiki moja. Halafu shika tairi la nyuma ulitikise kushoto kulia. Likicheza, huenda bushi za swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) au beringi za gurudumu zimekwisha. Funua siti, angalia kutu chini ya tangi na kwenye spoku, maana chumvi ya hapa pwani haina huruma. Moshi kidogo kwa tustroki usikutishe. Kwa XL, moshi wa bluu ni wa kukimbia.

Kadi ya pikipiki ilingane na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu, herufi kwa herufi. Na usimalize hela yote kwenye pikipiki, bakiza ya helmeti na buti. Mimi nilianza na kandambili, kovu la kifundo ninalo mpaka leo.