Ushauri kwa anayetaka kuendesha baiskeli kwenye reli ya zamani

Sisi tuliokulia Buguruni, Dar es Salaam, reli tunaijua kwa miguu. Tulipita kandokando yake kwenda shule, masikio yakiwa nyuma tukisikilizia treni. Kwa hiyo mdogo wangu anayesoma Columbia, Missouri, kule Marekani, aliponiambia kuna reli iliyong'olewa na watu wanaendesha baiskeli juu ya tuta lake, nikasema nikienda kumsalimia lazima nifike.

Njia yenyewe inaitwa Katy Trail. Ilikuwa reli ya Missouri-Kansas-Texas, MKT, au K-T kwa kifupi, ndiyo maana watu wakaiita Katy. Treni zilikoma kupita 1986, tuta likamwagiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, na leo njia ina urefu wa karibu kilomita 386. Haina kiingilio. Sisi tulichukua kipande cha Rocheport hadi Hartsburg, kama kilomita 40, baada ya kwanza kupita kwenye handaki la treni la 1893 lililo pale pale Rocheport. Ndani kuna ubaridi, na chokaa inalia chini ya matairi kama unakanyaga chumvi ya mawe.

Jambo ambalo sikuambiwa ni hili: tambarare inachosha. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walifuata bonde la mto. Unafurahi kwamba hakuna kilima, lakini basi hakuna na mteremko. Hupati pa kuachia pedali ukapumzika. Unakanyaga saa tatu mfululizo, umekalia pale pale. Kufika kilomita ya 25, mapaja yalikuwa mazima. Nyonga na viganja ndivyo vilivyokuwa vinauma. Rekebisha siti vizuri kabla ya kuondoka, na kila nusu saa shuka utembee kidogo. Maji beba ya kutosha, maana kati ya kijiji na kijiji ni mto, mwamba na mashamba tu.

La pili ni la usalama, tafadhali lizingatie. Kule wanashika kulia. Anayekupita kwa nyuma hupaza sauti kwamba yuko kushoto kwako. Mimi nilisikia "kushoto", na kwa mazoea yetu ya barabarani nikavutia kushoto, moja kwa moja mbele ya mama mmoja mtu mzima. Alifunga breki hadi gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Ukisikia sauti hiyo, baki kulia, nyoosha usukani, mwache apite.

Mazoezi yafanyie hapa nyumbani. Jumapili alfajiri vuka Kigamboni, shika barabara ya Kimbiji, ukanyage bila kusimama. Kandokando ya reli zetu usiende: Reli ya Kati na TAZARA bado zina treni, na ile mpya ya SGR ina nyaya za umeme juu.