Kompyuta ikilala, programu yako ya video ifanye nini?

Kama ndiyo kwanza unaanza kuandika programu ya kucheza muziki au video, fanya jaribio hili mapema: video ikiwa inaendelea, funga laptopu, ngoja kidogo, kisha ifungue. Utakuta picha nyeusi, spika kimya, au sauti imeiacha picha nyuma.

Kwenye Windows, tangu Vista, programu haiwezi kuizuia kompyuta kulala mwenyewe anapofunga kifuniko. Inapokea ujumbe wa PBT_APMSUSPEND na kupewa kama sekunde 2. Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), ukiomba ikusubiri, hukupa sekunde 5 kwa kawaida. Basi simamisha video, hifadhi mahali mtazamaji alipofika, achia kifaa cha sauti. Kama unarekodi, ongeza umakini. Faili ya kawaida ya MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, na betri ikiisha kompyuta ikiwa imelala, rekodi nzima ya harusi haitafunguka. Ndiyo maana napenda kurekodi kwa Matroska, yaani faili za .mkv: kilichokwisha kuandikwa kwenye diski mara nyingi husomeka.

Kuamka ndiko kugumu zaidi. Kwenye Windows, ujumbe wa PBT_APMRESUMEAUTOMATIC huja kila kompyuta inapoamka, hata ikijiamsha yenyewe usiku bila mtu. PBT_APMRESUMESUSPEND hufuata pale mtumiaji anapokuwepo. Wengi huendeleza muziki hapo hapo. Mimi nakushauri usubiri mwenyewe abonyeze. Aliyefungua laptopu msibani hataki spika zimuumbue.

Usidhani vifaa ni vilevile. Spika za bluetooth huenda zimezimwa, na WASAPI, mfumo wa sauti wa Windows, itakurudishia kosa la AUDCLNT_E_DEVICE_INVALIDATED. Tafuta kifaa kilichopo na ukifungue upya. Muunganisho wa intaneti nao uhesabu umekufa. Kuhusu saa, kwenye Linux saa ya CLOCK_MONOTONIC haihesabu muda wa usingizi, lakini CLOCK_BOOTTIME huuhesabu. Chagua moja, uitumie kwa sauti na picha pia.

Na ile kazi ya kuizuia kompyuta isilale yenyewe katikati ya filamu, kwenye Windows hufanywa kwa kuita SetThreadExecutionState na kuipa alama za unachohitaji. Video huhitaji ES_DISPLAY_REQUIRED pamoja na ES_SYSTEM_REQUIRED. Muziki hutosheka na hiyo ya pili, skrini izimike tu. Mtu akisimamisha, ondoa ombi lako papo hapo. Betri ni yake.